Fundi kanimalizia shela langu, harusi keshokutwa, Mtwara nzima mnamjua

Wakuu habari za jioni, zangu mbaya. Naandika huku natetemeka, mods msiufunge huu uzi mpaka hasira ziishe.

Jina simtaji. Mtwara yenyewe mji huu huu mmoja, mnamjua, yule mwenye redio, anaepandisha taarabu mpaka cherehani inakata kiuno. Harusi yangu Jumamosi, leo Alhamisi. Shela lilikuja na basi toka Kariakoo likanizidi kidogo, nikampelekea abane kiunoni na apunguze urefu inchi 2 tu, INCHI MBILI, akanipima mwenyewe na futi kamba yake iliyokatika mwanzoni, inaanzia kwenye 4 (pale pale ndo nilitakiwa nikimbie wallahi).

Leo baada ya "njoo kesho" kama 40 hivi nimeenda. Navaa nyuma ya pazia la khanga, zipu imefika katikati ya mgongo imegoma. Mbele shela linaishia kwenye ugoko kama navuka mto Ruvuma kwa miguu, nyuma linafagia, na ile lesi ya chini yenye maua maua hamna, kapitisha mkasi yote! Natoka nje na aibu yangu, pale kuna wateja, kuna vijana wa boda, kuna mama anauza ming'oko (vile viazi pori), namwambia fundi hii nini sasa. Hajanyanyuka hata. Kakata uzi kwa meno, kaniangalia juu mpaka chini, akasema:

"Dada, gauni limekaa. Wewe ndo hujakaa."

MIMI NDO SIJAKAA. Mimi niliyelipa elfu 30. Mama wa ming'oko kacheka mpaka kikopo cha chumvi na pilipili kimemwagika, boda mmoja kazima pikipiki ili asikie vizuri. Nikageuka pembeni nisilie, naona redio imefunikwa kitambaa cheupe kizuri kina maua, nikajiuliza haya maua nimeyaona wapi. LESI YANGU. Redio imependeza kuliko bibi harusi.

Mama mdogo ananiambia msamehe, msimu huu kazi zimemzidi. Nimsamehe nimekaa wapi, si nimeambiwa sijakaa?

Haya nisaidieni kumtukana.

Kuchele_Asilia: Uzi bila picha ni umbea. Weka picha ya redio.

MtotoWaMchinga: Uzi umekaa, mleta mada ndo hujakaa 😂😂

MamaWawili: Ni yeye huyo huyo! Mimi alinishonea sare za kitchen party madera 14, shingo zote haziingii kichwa, tukamuuliza akasema mmesuka nywele kubwa. Tulienda na vitenge tumejifunga kifuani kama tunaenda kuoga.

CherehaniYaMguu: Pole binti, mi ni fundi miaka mingi, nisikilize. Geuza shela, angalia mishono ya ubavuni, kama kitambaa cha ndani hajakikata basi fumua, litarudi. Zipu itoe kabisa, weka vitanzi na kamba za kuvuta mgongoni, hiyo inakupa nafasi hata ukila pilau. Lesi ya chini huwa haikatwi, inafumuliwa, unapunguza kitambaa juu yake halafu unairudisha. Na kupima unapima na kiatu na sidiria ya siku yenyewe, sio na ndala.

BiHarusi_Hasira: Asante baba, ila umesikia alivyoniambia? Eti mimi ndo sijakaa! Mbele ya boda!

CherehaniYaMguu: Nimesikia. Ulipima na ndala?

BiHarusi_Hasira: Hilo halihusiani.

MtotoWaMchinga: Alipima na ndala 😂

Kaka_Naliendele: Na nyie wadada, msimu wa korosho unapelekaje nguo kwa fundi? Hela zikitoka kila nyumba ina harusi, kila kichochoro kuna mwali anatolewa, fundi analala juu ya cherehani. Shela linapelekwa mwezi wa 6, unalificha kabatini.

ShambaLaBabu: Hela zipi zimetoka? Chama chetu cha msingi cha wakulima nimepeleka gunia 9 za korosho, mpaka leo naangalia simu tu. Mwanangu nae anataka kuoa, nimemwambia asubiri mnada.

Kuchele_Asilia: 2024 kilo ilivyopita 4,000 si mlikuwa hamsalimii watu nyie. Mliagiza mpaka mbuzi wavae suti.

ShambaLaBabu: Tulisalimia, hamkuitika.

DadaWaLigula: Bora nyie wa mashela. Mimi mpiga video alinirekodi harusi nzima, tumekaa na wakwe sebuleni kuangalia, dakika 40 za viatu vya MC. Nakata keki, kiatu. Namlisha mume, kiatu. Sauti yangu inasikika tu kwa mbali kama marehemu.

Kaka_Naliendele: Mimi nilichanga elfu 50 kadi ya mtu mmoja, nimefika ukumbini naambiwa chakula kimeisha. Group la michango walinipigia simu kila siku, group la chakula hamna.

MamaWawili: Ulienda saa ngapi?

Kaka_Naliendele: Saa 5 usiku.

MamaWawili: Haya.

BiHarusi_Hasira: Wadau turudi kwenye mada jamani, Jumamosi navaa nini?

MtotoWaMchinga: Vaa redio.

DadaWaLigula: Huyo mpiga video nae ana gari nyeupe, mnamjua.

ShambaLaBabu: Samahani wakuu nje ya mada, mnada wa wiki hii ni Newala au Tandahimba?

Kuchele_Asilia: Newala. Wahi, usije ukaambiwa hujakaa.