Mrejesho: keki ya machungwa imekubali

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Mtakumbuka nililalamika kwamba keki yangu ya machungwa inatoka nzito, tena chungu. Jana nimefuata mlichonielekeza.

Uchungu ulitokana na ile nyama nyeupe ya ganda. Safari hii nilitumia machungwa mawili ya Muheza, nikakwangua kijani cha juu tu, kisha nikakifikicha kwa vidole ndani ya sukari gramu 200 mpaka ikalowa mafuta ya ganda. Jiko zima likanukia! Mayai manne nilitenga ute, nikaupiga mpaka ukasimama, nikauchanganya mwishoni taratibu kwa mwiko. Unga gramu 200, beking pauda vijiko viwili vya chai, mafuta na maji ya machungwa mililita 100 kila kimoja.

Sina oveni, nilipalia mkaa: mwingi juu, kidogo chini. Sikufunua kabla ya dakika 30.

Ilitoka laini kama sifongo. Nimeila na embe na papai, juu nikamwagia pesheni. Mama mkwe kaongeza kipande cha pili. Dada uliyenisisitizia habari ya ute, Mungu akubariki sana.