Namba ya leseni imebadilika: je, bado naweza kuruka Marekani?

Swali
Ndugu marubani, nina leseni ya rubani binafsi ya nchi yangu, na miezi mitatu ijayo natarajia kuruka Marekani kwa ndege ya kukodi iliyosajiliwa hukohuko. Leseni yangu imehuishwa juzi na kupewa namba mpya, ilhali hati ya Marekani niliyopewa miaka minne iliyopita kwa msingi wa leseni hiyo bado ina namba ya zamani. Je, hati hiyo ingali halali? Na cheti cha afya kifuate sheria za nchi ipi?

Jibu la kwanza
Usiruke nayo. Hati ya namna hiyo haijitegemei: imeandikwa kuwa inatokana na leseni yenye namba fulani, na namba hiyo ikibadilika huna budi kuomba upya. Utaratibu huanzia kwa kuthibitishwa kwa leseni yako na mamlaka iliyoitoa, na barua ya uthibitisho hudumu miezi 6 tu. Kwa kuwa kusubiri majibu huchukua muda, tuma ombi wiki hii. Siku ya safari chukua leseni zote mbili, ya nchi yako na hati ya Marekani, kwani moja bila nyenzake haikuruhusu kurusha ndege.

Jibu la pili
Naongezea kwa msisitizo, maana wengi hukosea hapa: kwa mujibu wa ibara ya 32 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, anayetoa au kuthibitisha leseni katika safari za kimataifa ni nchi iliyosajili ndege. Kwa hiyo tazama kwanza herufi ubavuni mwa ndege: N ni ya Marekani, G ya Uingereza, F ya Ufaransa. Kuhusu afya, kwa hati yako Marekani hukubali cheti cha nchi iliyokupa leseni, mradi hakijaisha muda. Kagua pia kitabu chako cha kumbukumbu za urukaji, kwa sababu mapitio ya urukaji pamoja na mkufunzi yanatakiwa kila baada ya miezi 24, nawe hukuyataja.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nimeziweka leseni mezani sambamba: namba zinatofautiana tarakimu mbili za mwisho. Mapitio yangu ya mwisho yana miezi 27. Kesho asubuhi naandika kwa mamlaka, kisha natafuta mkufunzi kabla ya kulipia ndege.