Wameng'oa valvu ya usalama ya pampu, wakaziba tundu lake kwa plagi ya chuma, halafu ripoti inasema kijana ndiye mzembe

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Leo asubuhi tumesomewa ripoti ya ajali iliyotokea kazini kwetu. Kurasa mbili. Chanzo cha ajali, kwa maneno yao, ni "uzembe wa mfanyakazi kutozingatia taratibu". Mfanyakazi mwenyewe ni saidia fundi, kijana ambaye hajatimiza hata mwaka kazini, na sasa hivi amelala na mkono uliopasuliwa kuanzia kidole cha shahada hadi katikati ya kiganja. Hizo taratibu ambazo hakuzizingatia hazijaandikwa popote. Nimezitafuta. Kitabu cha pampu nimekikuta kwenye kabati la msimamizi, bado kimo ndani ya nailoni yake.

Pampu yenyewe ni ya planja 3 (vyuma vya duara vinavyosukuma maji vikienda na kurudi), inatoa lita 60 kwa dakika kwa presha ya baa 500, mota kilowati 55. Tunasafishia mirija ya mitambo ya kupozea ikiziba uchafu. Kwa ambao hawajawahi kukaa karibu na mashine ya namna hii: baa 1 ni kama kilo moja juu ya kila sentimita mraba. Maana yake kwenye eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba kuna nusu tani inasukuma muda wote, inatafuta pa kutokea. Maji yakitoka kwenye nozeli yanakwenda zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Sidhani kama aliyekiita kipimo hiki "baa" alikuwa anajua Kiswahili, ila jina limekaa.

Pampu ilifungwa kazini mimi nikiwa likizo. Niliporudi nilisikia kelele yake kabla sijaiona. Kokoto. Kama mtu anakoroga kokoto ndani ya debe. Nikauliza, nikajibiwa "ndiyo sauti yake, pampu za siku hizi ziko hivyo". Hakuna pampu iliyo hivyo! Ile ni sauti ya pampu inayokosa maji. Nikafuata bomba la kuvutia: pampu ina mdomo wa inchi 2, wao wameleta maji kwa mpira wa inchi 1, mrefu, una kona 4, na chujio halijafunguliwa tangu siku ya kwanza. Kwa lita 60 kwa dakika, kwenye bomba la inchi 2 maji yanatembea kama nusu mita kwa sekunde. Ukipunguza hadi inchi 1, kasi inakuwa mara 4, karibu mita 2 kwa sekunde, na hapo hujahesabu kona wala chujio. Presha ya upande wa kuvuta inaanguka mpaka maji yanachemka yakiwa ya baridi, yanatoa mapovu, na mapovu yakifika kwenye presha kubwa yanapasukia ndani. Ndizo zile kokoto. Zinatafuna valvu za ndani na pakingi, na sindano ya geji inatetemeka mpaka husomi kitu.

Tungi dogo la gesi la kutuliza mapigo ya presha nililikuta halina kitu. Linatakiwa lijazwe naitrojeni kabla ya kuwasha. Nikauliza mbona tupu, mmoja akasema naitrojeni haikuwepo, wakawa wanafikiria kujaza kwa ule mtungi wa oksijeni wa kuchomelea. Nilikaa chini. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta au grisi inalipuka, haihitaji hata kiberiti. Kilichowaokoa ni kwamba hawakupata nipo, kile kipande kifupi cha kuunganishia.

Sasa njoo kwenye kiini cha malalamiko yangu.

Pampu ya planja haina adabu ya kungoja. Kila mzunguko wa krenki, mhimili unaoendesha planja, planja inasukuma kiasi chake cha maji, njia iwe wazi au imefungwa. Ukifunga njia, presha inapanda mpaka kitu fulani kiachie, na kitakachoachia kwanza ndicho kilicho dhaifu kuliko vyote. Ndiyo maana kuna valvu ya usalama: udhaifu unauchagua wewe mapema, unauweka mahali unapopataka, na maji yake yanarudi tangini badala ya kuja usoni. Inakaa kati ya pampu na valvu ya kwanza ya kufungia, na hapo katikati hapawekwi kitu kingine chochote. Inasetiwa ifunguke juu kidogo ya presha ya kazi, na kamwe si juu ya uwezo wa kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote kwenye mstari.

Ya kwetu ilikuwa inafunguka kila baada ya dakika chache. Lazima ifunguke! Pampu inakosa maji, tungi la mapigo ni tupu, presha inaruka juu na chini kama moyo wa mtu aliyekimbizwa. Valvu ilikuwa inawaambia kuna tatizo. Wao wakaona valvu ndiyo tatizo. Siku ya kwanza wakakaza springi. Siku ya pili wakakaza tena mpaka ikagoma kuzunguka. Siku ya tatu wakaing'oa, wakaweka plagi ya chuma, wakaikaza kwa spana na bomba refu, wakafunga tepu nyeupe vizuri kabisa kwenye tredi. Kazi safi. Ukiiangalia unaweza kumsifu fundi.

Nilikataa kuiwasha. Nikamwambia msimamizi mbele ya watu kwamba hiyo plagi itoke, mpira wa kuvutia ubadilishwe, halafu ndiyo tuzungumze. Akasema najifanya mjuaji, kazi imechelewa siku 4, na kama naogopa kuna kazi za waoga. Nikapelekwa upande wa pili wa karakana kuchomelea sapoti za mabomba. Wakawasha.

Hapa ndipo ninapojilaumu, na mnaruhusiwa kunisema. Ningeweza kwenda kwenye breka ya umeme, nikaizima, nikatia kufuli langu, nikaweka ufunguo mfukoni. Kufuli ninalo. Sikufanya hivyo, nilinuna nikaondoka.

Kama saa moja baadaye presha ikaanza kushuka. Kwenye mpira wa kutolea, karibu na kiungo ulipokunjwa sana, kulikuwa na ukungu mwembamba, hata huoni ulikoanzia. Huo mpira ulitolewa stoo, maandishi yake yamefutika, hakuna anayejua ulitengenezwa kwa presha gani wala umekaa miaka mingapi. Msimamizi akapiga kelele, "Angalia inavujia wapi!" Pampu inaendelea kuzunguka. Kijana akapitisha mkono juu ya mpira. Alikuwa na glavu ya ngozi, na nadhani aliamini glavu ni kinga. Kwa maji ya baa 500 glavu ya ngozi ni karatasi. Baa 7 tu zinatosha kutoboa ngozi ya mtu.

Hakupiga hata ukelele. Alisema "kuna kitu kimenichoma", akavua glavu, tukaona kitundu kama cha sindano, tone moja la damu. Watu wakacheka. Mmoja akamwambia akaoshe mkono arudi.

Wakuu, naomba hapa msome taratibu hata kama mengine mnaruka. Jeraha la presha kubwa linadanganya. Juu unaona kitobo, ndani maji yameshapita kando ya mifupa na mishipa, yamebeba uchafu, kutu na mabaki ya mpira, yamesambaa mbali na pale yalipoingilia. Mwanzoni maumivu ni kidogo. Baada ya saa kadhaa mkono unavimba, damu haipiti, nyama inaanza kufa. Kilichoingia kikiwa ni mafuta, rangi au dizeli ni hatari zaidi, lakini na maji usiyachekee. Hilo ni jeraha la upasuaji siku hiyo hiyo, na saa chache za mwanzo ndizo zinazoamua kama kidole kinabaki au kinakatwa.

Kituo cha kwanza alikofikishwa walimsafisha, wakambandika plasta, wakampa dawa za maumivu, wakamwambia apumzike. Siwalaumu sana, hawajawahi kuona kitu kama hicho, na aliyempeleka aliwaambia "amechomwa na mpira". Nilipofika mimi nikasema: maji machafu, baa 500, yameingia mwilini saa 5 asubuhi, tafadhali mtafuteni daktari wa upasuaji wa mikono. Hapo ndipo mambo yakaanza kukimbia. Kuna wenzetu wa kazi hii wanatembea na kadi mfukoni inayoeleza mambo hayo hayo kwa daktari, aina ya kimiminika, presha na saa. Sisi hatuna. Alipasuliwa zikiwa zimepita karibu saa 9 tangu tukio. Kidole kipo mpaka leo, kama kitakunja tena hakuna anayeahidi.

Halafu ndiyo inakuja hiyo ripoti. Kurasa mbili, na neno "plagi" halimo hata mara moja. Valvu ya usalama haimo. Mpira usio na maandishi haumo. Funika kombe mwanaharamu apite. Picha waliyoambatanisha ni ya glavu.

NYONGEZA 1: Kuna mdau ameuliza, "sasa valvu ikiwa inavujisha kweli na presha haifiki, ufanyeje, si utaiziba tu?" Hapana, mkuu. Simamisha pampu, halafu anza na vitu vya bei ya bure: chujio, kiwango cha maji tangini, viungo vya upande wa kuvuta vinavyonyonya hewa. Angalia nozeli. Ikiwa kubwa au imeliwa, presha haitafika hata ukaze springi mpaka kesho. Ikiwa imeziba au ni ndogo kwa lita za pampu yako, presha inazidi na valvu inafunguka kwa haki yake. Baada ya hapo ndiyo ufungue valvu yenyewe uangalie kiti chake, pale inapokalia ikijifunga, maana ikishafunguka mara nyingi kiti kinaliwa na kweli inavuja. Inabadilishwa. Dawa yake ni valvu nyingine ya kipimo kile kile.

NYONGEZA 2: Mwingine anasema yeye ana miaka mingi anafunga valvu ya kutolea pampu ikiwa inazunguka na haijawahi kupasuka. Ndugu yangu, pampu yako ni ya feni, inarusha maji kwa mzunguko. Hiyo ukiifungia inazungusha maji yale yale ndani, presha inafika kikomo chake inatulia, inachopata ni joto, na ukiiacha hivyo muda mrefu itakufa sili, ile inayozuia maji yasivuje. Ya planja haina kikomo. Tafadhali usimfundishe mtu mazoea ya ile kwenye hii.

NYONGEZA 3: Kuhusu kutafuta mvujo. Kama umeuona ukungu, umeshajua inavuja, unatafuta nini tena? Zima. Kata umeme, tia kufuli, fungua valvu ya kutolea presha, na usiridhike na geji kusoma sifuri, kwa sababu geji iliyopigwa na mitetemo wiki nzima inaweza kuganda hapo hapo kwenye sifuri huku nyuma ya valvu ya kuzuia kurudi kuna presha imejificha. Ona maji yametoka na yamekoma kutoka, kisha ulegeze nati pole pole ukiwa umesimama pembeni. Mpira ukishatoboka hauzibwi wala hauviringishwi kitambaa. Unakatwa vipande ili asije mtu akautoa tena stoo.

NYONGEZA 4: Mnauliza oili, nitasema kwa ufupi maana sicho kilichonileta. Nyingi za aina hii zinataka oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 50 za kazi, baadaye kila saa 500, lakini fuata kitabu chako. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kwenye krenki. Ya kwetu nimeifungua jana. Maziwa.

Msimamizi amenipigia jioni hii. Anataka kesho nisaini fomu kwamba pampu imekaguliwa na iko tayari kwa kazi, kwa sababu mimi ndiye fundi mwenye cheti. Hakuna aliyeagiza valvu mpya, nimeuliza stoo. Mpira wa kuvutia ni ule ule wa inchi 1. Plagi nimeing'oa mwenyewe jana na kuipiga picha ikiwa na tepu yake nyeupe, imo kwenye kabati langu, na tundu lake kwenye pampu nimeliacha wazi, kwa hiyo hata wakiwasha haitajenga presha. Fomu sijaigusa.