Re: Taa ya kufunga kwenye bastola, na betri zake

Kutoka Houston:
Habari za wikiendi, ndugu zangu. Mume wangu amenunua bastola ya kulinda nyumba, na dukani wakamshauri aongeze taa ya kufunga chini ya mtutu. Bei zinapishana mno, na betri ndiyo kabisa. Za kuchaji si nafuu zaidi?

Kutoka Dallas:
Dada, kabla ya hiyo taa nunueni tochi ya mkononi. Taa ya bastola inamulika kule kule mtutu unakoelekea. Ukisikia kishindo sebuleni saa nane za usiku ukaitumia kutafutia, umeshamnyooshea silaha yeyote aliyepo, hata kama ni mtoto aliyeamka kunywa maji. Tafuteni kwa tochi.

Kwenye taa zenyewe msihangaike sana. Streamlight TLR-1 HL na SureFire X300 Ultra zote zinatangazwa kwa lumeni 1,000 (kipimo cha wingi wa mwanga), na ya kwanza bei yake ni kama nusu ya ya pili. Mimi ningechukua hiyo. Lumeni zaidi ya hapo ndani ya apatimenti yenye kuta nyeupe zinakurudia mwenyewe machoni.

Pesa mtakayobakiza iende kwenye betri. Zote mbili zinatumia CR123A mbili, betri za lithiamu za volti 3 zisizochajiwa. Zikiwa za kampuni inayojulikana, mfano Panasonic au Energizer, zinakaa kabatini hadi miaka 10 bila kuisha, na baridi haizisumbui. Zile za bei ya kutupa zisizo na jina, hapana. Wala msichanganye mpya na iliyotumika: ile dhaifu inalazimishwa na mwenzake, inapata moto, na inaweza hata kulipuka.

Za kuchaji zenye umbo hilo hilo ni mtego. Ikijaa, moja inafika volti 4.2, kwa hiyo mbili ni 8.4 ndani ya taa iliyotengenezewa 6. Ziwekeni tu kama mtengenezaji wa taa amezikubali kwenye kijitabu chake. Na hata hapo, kitu kinachokaa droo mwaka mzima kinasubiri usiku mmoja, nani atakumbuka kukichaji?

Siku ya kubadilisha betri, toeni risasi zote kwanza, hata ile iliyo chemba, tayari kufyatuliwa. Mikono yenu itakuwa jirani na mdomo wa mtutu.

Kutoka Minneapolis:
Naongezea kwa wanaosoma kimya. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, anaruhusiwa kumiliki. Aliye kwa viza ya mwanafunzi au ya matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kushika silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya kuwinda. Wasilianeni na wakili kabla ya kwenda dukani. Pia, mkoba wa bastola wa zamani hautaingia tena taa ikishafungwa.

Kutoka Houston:
Asanteni sana. Sisi tuna green card wote wawili. Hiyo tochi ya mkononi, ichukue betri gani?

Kutoka Dallas:
Hizo hizo CR123A dada, mnunue boksi moja tu. Mkisafiri kwenda nyumbani, za akiba msiziweke kwenye sanduku la kupakia. Zinaingia nanyi ndani ya ndege.