Mjadala: Ndugu aliyeandika programu ya biashara ya familia bila mkataba anamiliki nini?

Mleta mada:
Wakuu, tuchukue mfano huu. Dada ana biashara ya usambazaji, mdogo wake ni mwandishi wa programu. Kijana anamtengenezea mfumo wa stoku, ankara na madeni ya wateja. Anaufanyia kazi usiku, baada ya shughuli zake nyingine, miaka miwili mfululizo. Mshahara hakuna, karatasi hakuna. Kilichopo ni ujumbe mmoja wa WhatsApp kutoka kwa dada: "Wewe tengeneza, tutagawana nusu kwa nusu." Mfumo umekubali, wafanyabiashara wengine wanautaka kwa pesa, na sasa ndugu hawasalimiani. Programu ni ya nani, na kijana ana hisa au hana?

Msimamo wangu: programu ni ya kijana, biashara si yake. Ugomvi wa aina hii hauishi kwa sababu pande zote mbili huyafunga mambo hayo kwenye furushi moja.

Tuanze na programu. Mkataba wa TRIPS wa 1994, unaohusu haki za ubunifu kwenye biashara, unazitaka nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilinde programu za kompyuta kama kazi za maandishi chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki. Berne hautaki usajili wala muhuri; hakimiliki inazaliwa na kazi yenyewe, na kwa kawaida ni ya aliyeiandika. Nchi nyingi humpa mwajiri kama mwandishi aliifanya ndani ya ajira yake. Lakini ndugu anayekuja na kompyuta yake, saa anazotaka mwenyewe, bila mshahara, ni vigumu kumwita mwajiriwa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mchonga sanamu, Reid, na shirika la kutetea wasio na makazi lililomwagiza sanamu. Iliangalia vifaa ni vya nani, nani anapanga muda, analipwa kwa mtindo gani, anakatwa kodi au la. Ikaona si mwajiriwa, ingawa alilipwa. Na kuhamisha hakimiliki, sehemu nyingi, lazima kuwe na maandishi yaliyosainiwa. "Si tulielewana" ya sebuleni haifiki mbali.

Dada hajaachwa mikono mitupu. Mfumo ulitengenezwa kwa ajili yake, akaachiwa autumie, kwa hiyo ana hoja nzuri kwamba alipewa ruhusa ya kuutumia hata kama haikuandikwa. Anachokosa ni haki ya kuuuza kwa wengine, na pesa ndiko iliko.

Hisa sasa. Aliyejenga ghala hawi mwenye bidhaa zilizomo. Mwenye hisa ni yule aliyeandikishwa kwenye kampuni, na kama kampuni haipo, basi uthibitishe kuna ubia. Na ule ujumbe, nusu ya nini? Ya faida yote ya usambazaji? Ya mauzo ya programu? Ya kampuni ambayo haijasajiliwa? Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umemwonea dada. Nani alikaa na kijana akamweleza kwamba mteja akirudisha katoni tatu kati ya kumi, punguzo linarudi kwenye ankara ya zamani, siyo mpya? Nani alimwambia kuna wateja wanaolipa kidogo kidogo na deni moja likagawanyika mara tano? Kijana alikuwa hajui hata katoni inahesabiwaje. Kaandika kilichokuwa kichwani mwa dada yake, halafu leo ni chake?

Mleta mada:
Hoja hiyo ni nzito kibiashara, kisheria ni nyepesi. TRIPS hiyohiyo, ibara ya 9, inasema ulinzi unahusu namna kitu kilivyoelezwa, hauhusu wazo wala utaratibu wenyewe. Ila angalia upande wa pili wa jambo hilohilo: dada akimpata mwandishi mwingine, akamweleza utaratibu wake, na mfumo ukaandikwa upya bila kugusa hata mstari wa msimbo (maandishi ya programu) wa kijana, kijana hana la kudai kwa hakimiliki. Nashangaa wanaogombana mara chache hulifikiria hili kabla ya kwenda kwa wakili.

Mchangiaji wa pili:
Nyongeza kuhusu ule ujumbe. Mahakama za Uingereza zina mazoea ya kudhani kwamba ahadi za kifamilia hazikukusudiwa kuwa mkataba. Kesi ya Balfour, 1919: mume aliahidi mkewe paundi 30 kwa mwezi, mahakama ikakataa kuingilia. Mwaka 1968, mama na binti waligombea nyumba na ahadi ya posho ya masomo, binti akashindwa. Lakini 1955 kuna kesi ile ya bibi, mjukuu wake na mpangaji wao waliocheza pamoja shindano la gazeti kwa jina la bibi. Wakashinda paundi 750, bibi akasema ni zake. Mpangaji akashtaki na akapewa theluthi yake. Kwa hiyo dhana hiyo huvunjika. Mfumo wenye ankara na wateja wanaosubiri kulipa haufanani na posho ya mke, na mimi ningemshauri kijana asiufute ule ujumbe.

Mchangiaji wa tatu:
Basi adai ubia tu, achukue nusu ya kila kitu.

Mleta mada:
Taratibu, ndugu yangu. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya 1890, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza ziliirithi au kuiiga, inasema wabia wasipokubaliana vingine wanagawana faida sawa kwa sawa. Hasara pia. Anayethibitisha kuwa mbia anajithibitishia na madeni ya wauza bidhaa. Halafu kuna mtego: ikionekana programu iliingizwa kwenye ubia, inakuwa mali ya ubia, na kijana amepoteza kile alichokuwa nacho peke yake. Mtu anaweza kushinda kesi akatoka na kidogo kuliko alichoingia nacho.

Mchangiaji wa nne:
Nyie mnasoma sheria, kijana ameshabadilisha nywila ya seva na jina la tovuti lipo kwenye barua pepe yake. Mchezo umekwisha.

Mleta mada:
Hapo ndipo mwenye haki anajigeuza mshtakiwa. Msimbo ni wake, lakini orodha ya wateja, salio na ankara ni kumbukumbu za biashara. Kumfungia dada nje ya hesabu zake ni kumpa sababu ya kudai fidia, na pengine hata polisi wakahusika. Atoe nakala ya data yote leo, kisha agombanie programu kesho.

Mchangiaji wa kwanza:
Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishamaliza.

Mleta mada:
Daftari lipo, tena kubwa. Kama alitumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kila badiliko lina tarehe na jina la aliyelifanya. Linaonyesha nani aliandika nini. Halionyeshi nani aliahidiwa nini, na hicho ndicho wanachopigania.

Mchangiaji wa tatu:
Wewe ungewagawiaje?

Mleta mada:
Usambazaji ubaki wa dada, asiguswe. Programu iundiwe kampuni yake: kijana anaisainia hakimiliki, dada analeta wateja na ujuzi wa biashara, na usambazaji wake unaitumia bure. Hisa ziive polepole, yaani kila mmoja azipate kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kufanya kazi. Kampuni changa za teknolojia huzoea miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka kwisha hapati kitu.

Mchangiaji wa nne:
Minne mingine? Na ile miwili aliyokesha bure?

Mleta mada:
Ihesabiwe, nusu ya hisa zake ziwe zimeshaiva siku ya kusaini. Na miaka ya dada ya kufundisha ihesabiwe vilevile, hata kama haipo kwenye Git. Asilimia zenyewe sizitaji mimi. Wakae wao wawili na mtu wa tatu asiye ndugu, kabla mteja wa kwanza wa nje hajalipa.