Ushauri wakuu: naweka wapi nati, bolti na vikorokoro vya gereji ukutani bila kutumia hela nyingi?

Fundi wa Kona
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana kichwa kinauma.

Nina kijiwe cha kutengeneza pikipiki na bajaji huku Mbagala, mwaka wa nne sasa. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Kinachonimaliza ni vitu vidogo: nati, washa, oringi, spilipini, springi za stendi, jeti za kabureta, balbu za indiketa. Vyote viko kwenye ndoo tatu za rangi za lita 20. Nikitaka bolti moja namwaga ndoo nzima kwenye gunia napekua kama kuku.

Wiki iliyopita nilifungua kabureta ya dereva wa bodaboda, jeti nikaiweka juu ya kiti. Kijana wangu akasogeza pikipiki. Kitu chenyewe ni cha ukubwa wa punje ya maharage, tumechekecha mchanga kwa chekeche la unga mpaka magharibi, hatukukiona. Dereva kakaa siku mbili bila chombo na hesabu ya bosi wake ni ya kila siku. Nimeilipa mimi.

Sasa nataka kabati la ukutani lenye vyumba vidogo vidogo. Ukuta una mita 3. Swali ni moja tu: nitumie marini bodi (plaiwudi ya kuhimili maji) au MDF (ile bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa)?

Mpole wa Tandika
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa hapa mlangoni.

Mzee wa Nyundo
Kijana wangu, kabati la nini? Una galoni tupu za oil hapo kijiweni, zile za lita 4, au sivyo? Mimi ninazo 32 ukutani na sijanunua hata moja. Laza galoni, chora mstari wa mshazari kuanzia chini ya mkono hadi upande wa pili, kata kwa kisu cha moto. Mkono ubaki mzima, ndio wa kutundikia. Ndani mwaga maranda ya seremala uyasugue kwa mkono, yatanyonya oil yote, kisha osha kwa sabuni ya unga. Nondo ya milimita 12 ipitishe kwenye mikono ya galoni kumi, umemaliza mstari mmoja.

Na usihangaike kuandika majina kwa kalamu, oil itayafuta. Kila galoni itoboe tundu kwa mbele, funga kwa waya bolti moja ya aina iliyomo. Kijana wako hata kama hajui kusoma ataiona.

Mama Kopo
Mimi si fundi, nauza karanga na siagi ya karanga, ila stoo yangu mkija mtaipenda. Kopo za plastiki zenye kifuniko cha kuzungusha: kifuniko kigongomelee chini ya shelfu kwa skrubu MBILI, kopo unalipandisha na kulikaza kwa chini. Ukiweka skrubu moja kifuniko kitazunguka pamoja na kopo, nimejifunza kwa kumwaga pilipili manga kilo nzima. Kopo likiwa angavu unaona kilichomo bila kulishusha. Za kioo usitumie, pikipiki zikipigwa resi hapo chini zinatikisa kila kitu.

Kipimo Sahihi
Kabla ya marini bodi na MDF, ukuta wenyewe ni wa nini?

Fundi wa Kona
Asanteni sana Mzee na dada Mama Kopo. @Kipimo, ukuta wa kawaida tu mkuu. Naomba mnisaidie hapo kwenye marini bodi na MDF.

Dereva 77
Mimi niko upande wa yule dereva. Mafundi mnatuumiza. Mwaka juzi fundi kanifungia injini, pembeni zimebaki bolti mbili, namuuliza, ananijibu "hizo za ziada kaka, kiwandani huwa wanazidisha." Nimefika Kongowe kava la klachi linavuja oil mpaka kwenye buti. Kiwanda hakizidishi bolti jamani! Ukifungua kitu, kila bolti iwe na pa kukaa. Hata trei ya mayai inatosha, matundu 30, unaanza kona moja unakwenda kwa mpangilio uliofungulia, ukirudishia unaanza mwisho. Hela ya trei huna?

Fundi wa Kona
@Dereva 77 hilo la trei nalichukua, leo hii hii. Lakini trei ni ya kazi iliyo mkononi. Mimi naongelea akiba.

Wa Makupa
Salaam kutoka Mombasa. MDF iwache kabisa ndugu yangu. Mie niliitia karakana yangu hapa karibu na bahari, msimu mmoja wa mvua ikafura kama mkate ndani ya chai. Pia beringi zako zisitoe kwenye karatasi yake mpaka siku ya kuifunga, na nati zinyunyizie oil kidogo. Hewa ya chumvi haina huruma.

Kipimo Sahihi
"Kawaida" ndiyo nini? Nakuuliza kwa sababu ya uzito. Chukua kopo la lita moja ulijaze bolti na nati, lipeleke kwa muuza duka lipime. La kwangu halikupungua kilo 3. Kabati la vyumba 80 ukijaza kila chumba nusu lita tu, tayari una zaidi ya kilo 100 zinaning'inia, bado bodi yenyewe. Tofali za mchanga mwingi na saruji ya kuonjesha zitaachia skrubu, na bati ndiyo usiseme.

Fundi wa Kona
Sawa mkuu. Pembeni ni bati na mirunda. Nyuma ni tofali za inchi 6, huo ndio ukuta wenyewe, ni uzio wa mwenye nyumba. Upo imara.

Mama Kopo
Uzio? Kwa hiyo wewe uko ndani ya uzio au nje?

Fundi wa Kona
Nje dada. Nimeegemea.

Mama Kopo
Nje, upande wa barabara? Kuna alama yoyote kwenye huo ukuta?

Mpole wa Tandika
Mama Kopo hakimu.

Fundi wa Kona
Nimekaa nimefikiri nisijibu, ila nimeomba ushauri mwenyewe.

Ndiyo. Kuna X ya bomoabomoa. Nyekundu, ina urefu wa mkono wangu, katikati kabisa ya zile mita 3. Na niseme ukweli wote: kabati nalitaka liifunike. Mteja akija anaangalia X kwanza kabla hajaniangalia mimi. Kuna mama mmoja alikuja na bajaji ya kufumua injini, kazi ya siku tatu, akaiona, akasema "mwanangu, nikirudi nisikukute je?" Akaiburuta kwenda kwa mwingine.

Lakini wakuu, X ina miaka miwili na hakuna aliyekuja. Na seremala wa Keko nimeshampa 200,000 kati ya 450,000, kabati la kujengewa ukutani kwa saruji, vyumba 96. Siwezi kurudi nyuma. Ndiyo maana nimeuliza bodi tu.

Kipimo Sahihi
Mkuu. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, barabara kuu hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. X haina miaka. Inangoja bajeti ya barabara.

Duka Lililoondoka
Naomba nieleze yangu. Nilikuwa na duka la vipuri, X yangu ilikaa miaka mitatu mpaka rangi ikapauka, tukaizoea, watoto walikuwa wanaichora juu kwa mkaa. Shelfu zangu nilizijengea kwenye ukuta kwa saruji ili wezi wasizing'oe. Siku tingatinga linafika tulipewa muda wa kutoa mali. Vyenye boksi vilitoka. Shelfu hazikutoka, na vitu vidogo vilivyokuwa kwenye vidroo havikutoka, kwa sababu kidroo kimoja kimoja mtu unakimbia nacho wapi? Nilirudi jioni na ungo kuokota nati kwenye kifusi. Za namba 8 na za namba 10 zote zimechanganyika na kokoto. Usijenge, mdogo wangu.

Fundi wa Kona
Pole sana kaka. Lakini wengine wana X za miaka kumi na bado wapo. Na 200,000 nani atanirudishia?

Mchunguzi Huru
Wakuu punguzeni machozi, hii ni CHAI, hadithi ya kutunga. Nimefungua nyuzi za huyu member. Mwezi wa tatu alikuwa anauliza dawa ya kuku wa mayai wanaoharisha, akasema yuko Morogoro, Kihonda. Leo ni fundi pikipiki Mbagala mwaka wa nne, ana X, ana mama mwenye bajaji, ana jeti iliyopotea mchangani. Halafu ukuta ulianza wa kawaida, ukawa bati, ukawa uzio. Huyu ni seremala anatafuta wateja wa makabati.

Mpole wa Tandika
Chai ya tangawizi. Vitafunwa viko wapi?

Dereva 77
Hata mimi nilishtuka. Chekeche la unga kijiweni limetoka wapi?

Mzee wa Nyundo
Nimeandika maelezo ya galoni kwa kidole kimoja dakika arobaini. Kama ni uongo nitaumia.

Spana Kumi
Rahisi tu. Fundi wa Kona, bila kumuuliza mtu: bolti ya M6 na ya M8 zinachukua spana namba ngapi?

Mchunguzi Huru
Yuko Google sasa hivi.

Fundi wa Kona
Nilikuwa chini ya bajaji, mikono ina grisi.

M6 ni spana 10. M8 ya dukani ni 13, lakini pikipiki za Kijapani na zilizoigwa kutoka kwao nyingi ni 12. Ndiyo maana spana 12 huku ndiyo ya kwanza kuibiwa, na ndiyo maana nataka vyumba viwili vya M8, maana vijana wanazichanganya kisha wanaviringisha kichwa cha bolti kwa kulazimisha 13.

Simu hii tunatumia na mke wangu. Kuku ni wa mama yake, Kihonda, na walikufa 40. Chekeche ni la mama muuza chapati jirani yangu, amenidai jipya. Ukuta sikuudanganya, niliuficha. Nilijua mkishasikia X mtaacha kunijibu la bodi.

Spana Kumi
Huyu ni fundi. Hilo la 12 na 13 halisomwi mahali, linaumiza mkono kwanza.

Mchunguzi Huru
Nimekosea. Samahani mkuu, na poleni kwa kuku.

Mzee wa Nyundo
Haya, sasa turudi kazini. Hela ya seremala haijapotea kama bado hajakata. Mpigie usiku huu. Mwambie hutaki kabati, unataka BODI ZINAZOBEBEKA. Marini bodi ya milimita 18, ile ya futi 4 kwa 8, aikate vipande vinne, kila kimoja sentimita 61 kwa 122. Kila kipande juu yake atoboe tundu la kupitisha vidole.

Mbao ya inchi 1 kwa 4 achane katikati kwa mshazari wa nyuzi 45. Nusu ya kwanza unaipigilia kwenye mirunda inayoshika paa, uzio wa watu usiuguse. Ncha kali iangalie juu, mbali na ukuta. Nusu ya pili inakwenda mgongoni mwa bodi ikiwa imepinduliwa. Bodi unaiinua, unaitundika, zinang'atana zenyewe. Ikizidi kujaa ndivyo inavyozidi kushika. Ukitaka kuondoka unainyanyua tu. Watu wawili, bodi nne, dakika kumi uko kwenye kirikuu na nati zako kila moja chumbani kwake.

Juu ya bodi hizo ndipo utie kopo za Mama Kopo. Vizito weka chini, oringi na gasketi juu kwenye misumari. Galoni zangu ziache kwa bolti kubwa.

Mama Kopo
Nami kopo nitakupa 50 bure, njoo Rangi Tatu uzichukue. Ila nakuomba jambo: chupa za maji na soda usitie petroli wala maji ya betri. Mwanangu wa pili alikunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda kwa fundi jirani. Alipona, lakini usiku ule sitausahau.

Fundi wa Kona (siku nne baadaye)
Mrejesho wakuu. Seremala alikuwa ameshakata bodi moja kati ya mbili, tulibishana sana. Mwisho amekubali: ile iliyokatwa inakuwa vyumba vya ndani, nzima anaichana vipande vinne kama Mzee alivyosema, na namwongezea 90,000 tu badala ya 250,000. Trei za mayai zinafanya kazi tangu siku ile, bolti haijapotea hata moja. Galoni 11 tayari ziko kwenye nondo.

Swali la mwisho: mbao ya mshazari kwenye bodi nitumie skrubu za ukubwa gani?

Kipimo Sahihi
Mbao inchi moja, bodi milimita 18. Tumia inchi moja na nusu, hazitatokeza upande wa pili. Paka na gundi ya mbao katikati kabla ya kukaza. Skrubu sita kila bodi.

Dereva 77
Na X je, umeifunika?

Fundi wa Kona
Hapana. Nimeacha nafasi kati ya bodi ya pili na ya tatu, inaonekana. Pembeni yake nimeandika namba yangu ya simu kwa rangi nyeupe, nikihama wanipate. Yule mama wa bajaji alipita jana, akasimama, akaipiga picha.