Cas9 kwenye nyuroblasti: ubongo mmoja umeathirika, wa pili mzima

Buu_wa_tatu: Wakuu, natumia worniu-GAL4 (swichi inayowaka kwenye nyuroblasti, yaani seli shina zinazozaa neva) na UAS-Cas9 (kimeng'enya cha kukata DNA, kinachowashwa na GAL4) kukata jeni moja kwenye nyuroblasti za nzi wa matunda tu, maana ikiharibika mwili mzima kiinitete kinakufa. RNA elekezi, inayoionyesha Cas9 pa kukata, ni moja. Mabuu wa hatua ya tatu wananichanganya: huyu nyuroblasti zimepungua, yule hana tatizo. Kundi linganishi langu halina Cas9. Shida iko wapi?

Nevakuu: RNA elekezi moja ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kila seli inaziba mkato kivyake. Zikipotea besi tatu au sita, fremu ya usomaji haivurugiki (besi husomwa tatu tatu) na protini huenda ikafanya kazi kama kawaida. Weka RNA elekezi mbili hadi nne kwenye pCFD5 (plasmidi ya kuzibeba), zitenganishwe na tRNA, zote zilenge eksoni (vipande vya jeni vinavyobaki kwenye mRNA) zilizomo kwenye isofomu (matoleo ya jeni hiyo) zote.

Kabla ya hapo zipime: pandisha na nzi wenye act-Cas9 (Cas9 mwili mzima). Watoto wakifa, zinakata. Usitegemee PCR ya ubongo mzima, humo mna DNA ya glia (seli saidizi) na ya neva zilizozaliwa kabla ya mkato.

Pipeti: Naongeza: kukata jeni hakufuti protini iliyokwisha kutengenezwa. Inapungua taratibu seli zinapogawanyika, kwa hiyo paka rangi kwa kingamwili ya protini yenyewe pamoja na ya Deadpan (alama ya nyuroblasti), uone nyuroblasti ipi imeikosa kweli. Fomaldehaidi 4% dakika 20, kisha PBS yenye Triton X-100 0.3%. Hesabu kila upande wa ubongo peke yake. Kwenye ubongo wa kati, kila upande, tarajia nyuroblasti kama 100, nane kati yake aina ya II (zina Deadpan, hazina protini ya Asense).

Buu_wa_tatu: Nikipandisha joto hadi 29 °C je, ukataji si utaongezeka?

Nevakuu: GAL4 itapata nguvu, ndiyo, na Cas9 itazidi. Cas9 nyingi ni sumu kwa seli hata bila RNA elekezi, utahesabu seli zilizokufa kwa sababu nyingine kabisa. Chukua aina za UAS-uCas9 (zinazotengeneza Cas9 kwa viwango vilivyopunguzwa) zenye kiwango cha kati. Na hilo kundi lako linganishi, samahani, halithibitishi kitu: linganisha na Cas9 inayokata *yellow* (jeni ya rangi ya mwili), ili DNA ikatike kwenye makundi yote mawili. Ukitaka uhakika zaidi, rudisha jeni kwa cDNA (nakala ya DNA ya mRNA yake) uliyobadilisha besi za eneo lengwa bila kugusa asidi amino, Cas9 isiikate.